Kilomita Ishirini na Sita kwa Mwendo wa Kuongea

Jumanne, 4 Machi

Mdomo umeniponza tena.

Tulikuwa kwa baba mkwe, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Nimezihesabu. Kila nikizipanda najiuliza aliyezijenga alikuwa na ugomvi na nani. Mzee anaishi peke yake tangu mama mkwe afariki, na goti lake la kushoto halina hali. Mabinti zake wawili wote wanataka ahamie kwao. Miaka miwili sasa anawapiga chenga.

Leo katoa kauli. Atahama. Kwa nani, bado hajasema. Kwanza anataka kutembea. Siku nne, kwa miguu, njia iliyo mbali na magari, yeye na mabinti zake na wakwe zake. Akirudi ataamua.

Alikuwa mpeleka barua miaka thelathini na moja, kwa hiyo kutembea anakujua. Sharti lake ni moja: njia iwe ya mwendo wa kuongea. Mtu akianza kuhema mpaka ashindwe kumaliza sentensi yake, amesema, hiyo si safari tena, ni adhabu.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, akadakia kwamba kuchagua njia aachiwe yeye. Ni msimamizi wa ghala la barafu, amezoea kuamrisha watu waliovaa makoti. Ana buti za kamba nyekundu na begi la mgongoni lenye mifuko thelathini na miwili. Alituhesabia. Yote. Ilipofika mfuko wa ishirini hivi nikajisikia nikisema kwamba mimi ujanani nilitembea sana njia za namna hiyo, na hata sasa ninazo tatu kichwani.

Sijawahi kutembea zaidi ya kituo cha basi. Mimi ni fundi cherehani. Mwendo wangu wote naufanya nikiwa nimekaa.

Njiani mke wangu alinitangulia. Tulipofika nyumbani nilimkuta kwenye kile chumba kidogo ninamoweka mabaki ya vitambaa, anapima dirisha kwa viganja. Akasema pale pataingia pazia la kijani, na kwamba hataki kupigiwa simu siku moja aambiwe babake ameanguka kwenye zile ngazi. Alikuwa analia na anajifanya ni vumbi. Nimemwahidi babake atalala chumba kile. Nimeahidi kwa moyo wote, kwa kweli. Kilichobaki ni njia.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga duka mapema. Mwalimu mkuu alikuja kufuata sketi yake, nikamwambia kitambaa bado kinapumzika. Amekubali. Sijui kwa nini watu hukubali jambo hili.

Nimekwenda maktaba. Mkutubi ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anayekutazama kana kwamba tayari umechelewesha kitabu. Nilimwomba kitu chochote kuhusu njia za kutembea siku nyingi bila kuchoka. Akaniletea kitabu kinene chenye njia sita na ramani zake.

Nilikaa saa nne bila kujua. Ramani ni kitu cha ajabu! Ina mistari ya kahawia imejaa kila mahali, na mimi nilidhani ni barabara za mbuzi. Mkutubi akanieleza kwamba mistari ikikaribiana, ardhi imepanda ghafla. Ikiachana, ardhi imetulia. Nikaangalia tena. Kumbe ni marinda. Pale yamebanana, pale yameachiwa. Miaka ishirini nashona milima na sikujua.

Nikaanza maswali. Kwa nini njia hii inazunguka wakati ingeweza kukata moja kwa moja? Nani aliamua ipite hapa? Je, ni watu walitangulia au ni ng'ombe? Mkutubi alisema ng'ombe, kwa kawaida, kwa sababu ng'ombe hapandi mlima bila sababu. Nimempenda ng'ombe kuanzia leo.

Njia tano nimeziondoa. Moja ina marinda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Moja inavuka daraja la kamba. Mbili hazina mahali pa kulala isipokuwa chini. Moja inapita katikati ya machimbo. Iliyobaki ni Njia ya Mto: inafuata mto siku zote nne, mistari imeachana vizuri, na kila mwisho wa siku kuna nyumba ya wageni. Nikaulizia kuazima ramani. Haiazimwi. Basi nikatoa karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo vya nguo, nikainakili njia yote kwa penseli, kila kona. Mkutubi alisimama nyuma yangu na akasema nina mkono mzuri. Nilitembea kuelekea nyumbani nimevimba kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi viatu wa jirani yangu kwenye ujia husema anaweza kumjua mtu kwa soli tu. Nimemwomba mke wangu aniletee viatu vya zamani vya babake, nikampa fundi huyo bila kumwambia ni vya nani.

Alivigeuza, akavinusa (hili halikuwa la lazima), akapitisha kidole gumba. Akasema mwenyewe ni mzee mrefu, anaegemea kulia kuukwepa mguu wa kushoto, na si mtu wa haraka. Nikamuuliza hilo la haraka amelijuaje. Akanionyesha kisigino: kimelika kwa duara. Mtu wa hivi, alisema, akitembea hatua kumi anasimama na kugeuka kumsemesha mtu. Viatu vya watu wanaosalimia sana huisha hivyo.

Nimeandika yote. Nani angejua kwamba salamu zinakula kisigino? Nimekaa naye mpaka mchana namuuliza kuhusu manesi, mapolisi, walimu. Mapolisi ni wasafi kuliko nilivyodhani.

Kisha, katika kumuaga, nikaona buti za kamba nyekundu chini ya meza yake. Nikauliza ni za nani kwa sauti ya mtu asiyejali. Fundi viatu hana siri. Za jamaa mmoja wa ghala la barafu, alisema. Mpya kabisa, hazijakanyaga hata jani. Amezileta zipigwe msasa ili zionekane zimezunguka dunia.

Niliegemea ukuta nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe mwanyumba naye ni wale wale. Nimeapa kulitunza jambo hili kama yai mpaka siku yake ifike.

Buti zangu, mpya pia, nimempelekea saa kumi. Nimemwambia asizidishe msasa kwenye vidole.

Jumapili, 9 Machi

Kikao kwa Mzee. Mwanyumba alitandaza meza nzima makaratasi yaliyochapwa. Njia ya Mgongoni, kilomita sabini na mbili, siku nne, kumi na nane kila siku, mandhari juu ya mandhari. Mkewe alikuwa anaitikia kila alichosema kwa kichwa. Mimi niliona marinda tu.

Zamu yangu nikafungua karatasi yangu ya kaki. Mwanyumba akauliza kama hiyo ni suruali.

Mzee aliiinamia ramani yangu muda mrefu, akaufuata mto kwa kidole. Akauliza maswali matatu. Kila siku ni umbali gani? Maji ya kunywa yako wapi? Na akitaka kukaa, atakaa juu ya nini? Kwa hilo la mwisho alikuwa na uzito wa pekee. Amesema kukaa chini anaweza, ila kuinuka kunahitaji kamati.

Nikasema majibu nimeyaacha dukani. Mke wangu akaangalia dirishani. Mzee ametupa hadi Jumatano, sote wawili.

Kwenye ngazi mke wangu akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama kweli niliwahi kutembea ujanani. Nikasema inategemea maana ya ujana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kazi ya akili. Nimeandika mlangoni kwamba nimekwenda kumwona mgonjwa.

Maji: rahisi. Nimempigia simu mama mwenye nyumba ya wageni ya kwanza. Ana sauti ya kuchoka lakini ni mstahimilivu. Njia ina mabomba kila baada ya mwendo mfupi. Nikamuuliza kuhusu viti. Vina migongo? Vina mikono? Ukikaa, miguu inafika chini? Alikwenda kupima kimoja kwa ufagio. Urefu wa kiti mpaka goti la mtu mzima. Mikono ipo, ya mbao. Nikamuuliza kwa nini watu huja kwake. Akasema hilo hata yeye huwa anajiuliza, tukaongea nusu saa.

Sasa umbali. Kitabu cha maktaba kilisema kilomita arobaini na nne kwa siku zote nne, lakini mimi siamini kipimo nisichokipima mwenyewe. Futi langu haliwezi kufuata kona za mto, linakakamaa. Uzi unateleza. Nikahangaika mpaka nikaona kwenye kopo ile lastiki nyeupe ya viunoni. Laini, inashika karatasi, inapinda bila kinyongo. Nikachomeka pini kwenye kila kona, nikaivuta lastiki kutoka pini hadi pini, kaza, kaza, mpaka mwisho wa safari. Nikatia alama ya chaki. Nikaivua, ikajirudi kidogo kama ilivyo kawaida yake, nikailaza kando ya futi.

Sentimita hamsini na mbili. Kila sentimita ni nusu kilomita. Kilomita ishirini na sita!

Nimepima mara tatu. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na tano na nusu. Yaani kila siku ni sita na nusu tu. Aliyeandika kitabu kile ni mtia chumvi. Bila shaka alitembea na watu wa aina ya mwanyumba, akaongeza ili asikike shujaa. Nimemwonea huruma.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda.

Niliwapa yote kwa mpigo. Maji haya hapa. Viti hivi hapa, vina mikono, mama wa nyumba ya wageni amevipima. Uso wa Mzee ukafunguka aliposikia vya mikono. Kila siku kilomita sita na nusu, na kwa kuwa ni kidogo hivyo, nimependekeza tusiamke kwa kukurupuka. Tuondoke saa nane mchana, tumeshakula na kushiba. Mzee amesema tangu azaliwe hajawahi kuanza safari saa nane mchana na angependa kuona inakuwaje.

Mwanyumba akakohoa. Akasema yeye amewahi kukiona kile kitabu cha maktaba, na siku ya kwanza tu ni kilomita kumi na moja. Nikamwambia mimi ni mtu wa vipimo kwa kazi, miaka ishirini, na sijawahi kumshonea mtu suruali ikamfikia magotini. Mke wangu naye akakohoa, kwa sababu zake.

Mwanyumba hakutaka kuachia. Akaanza tena kumi na moja, kumi na moja. Ndipo nikamsifia buti zake. Nikasema zinaonekana zimezunguka sana, na kwamba jirani yangu fundi viatu ana msasa mzuri sana siku hizi. Alinitazama. Nikamtazama. Akanywea palepale, akakunja makaratasi yake, akasema Njia ya Mto haina neno.

Sikuwahi kumnyamazisha mtu kwa ustadi wa namna hii. Mke wangu jioni hii amenikatia kipande kikubwa cha keki na kuniita bwana kiongozi.

Jumanne, 18 Machi

Nimejishonea begi la mgongoni kwa kitambaa cha makochi. Mifuko thelathini na mitatu. Ufunguo wa duka umo ndani ya mmojawapo. Nimetafuta tangu asubuhi. Mwalimu mkuu anasubiri nje na hasira zake, na safari hii hataki kusikia kwamba kitambaa kinapumzika.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa juu ya gunia, nyumbani kwa watu tusiowajua. Nieleze kwa utaratibu.

Tuliondoka saa nane kamili, watu watano. Mto ulikuwa mzuri kuliko ramani. Kando ya njia kuna mawe ya kilomita yenye namba, kwa hiyo kila jiwe nilikuwa nalitangaza kwa sauti. Mzee alitembea vizuri sana, ila fundi viatu hakukosea. Alisimama kwa mtu aliyekuwa anapaka rangi daraja. Alisimama kwa wamama wawili waliokuwa wanaanika blanketi. Alisimama kwa mbwa. Nami nilikuwa sina haraka, nikawa nauliza maswali yangu. Je, wajua daraja likipakwa rangi kuanzia upande mmoja mpaka wa pili, upande wa kwanza unakuwa tayari umeanza kuchakaa? Yule mpakaji kazi yake haitaisha milele, na hilo linampa usingizi mzuri.

Saa kumi na moja na nusu tukafika jiwe la sita. Nikawaambia wajiandae, nusu kilomita na tutakaa kwenye viti vya mikono. Tukatembea nusu kilomita.

Shamba la vitunguu.

Nikasema nyumba ya wageni imehamishwa. Mwanyumba akanyoosha kidole. Kulikuwa na kibao: nyumba ya wageni, kilomita nne na nusu. Mzee alikuwa ameegemea kibao hicho, mkono kwenye goti. Goti lilikuwa limevimba kama ngumi. Hakuwa anaongea tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mke wangu akaniuliza nilipima kwa nini. Nikatafuta mfuko wa kumi na nne, wa kumi na tano, nikaitoa lastiki. Akaishika ncha mbili, akaivuta. Akaiachia. Akaivuta tena. Akaniuliza kwa upole kabisa dukani huwa tunaitumia wapi. Nikasema viunoni. Akauliza kwa nini viunoni. Nikasema kwa sababu inavutika.

Kisha nikakaa chini kwenye vitunguu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinivuta pembeni, akasema babake akiumia hapa, dada yake atamchukua leo leo na hatutamwona kwenye chumba kile kamwe, na dada yake atakuwa na haki. Jua lilikuwa linashuka. Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na begi.

Nikajitolea kumbeba Mzee mgongoni. Akasema anashukuru, ila angependa kufa kwa sababu nyingine. Mwanyumba akasema atakwenda yeye kutafuta gari, akaondoka kwa hatua za kishujaa. Soli ya buti la kulia ikabaki nyuma yake. Msasa ulizidi. Aliporudi kuiokota, ya kushoto nayo ikafungua mdomo. Hakuna aliyecheka isipokuwa Mzee.

Ndiye aliyetuokoa. Ng'ambo ya shamba palikuwa na nyumba yenye taa. Alichechemea mpaka mlangoni huku mabinti wamemshika, akabisha mara mbili, akarudi nyuma hatua moja. Nilimuuliza kwa nini anarudi nyuma. Akasema ili mwenye nyumba akifungua amwone mtu mzima, toka viatu hadi kofia, asiogope. Miaka thelathini na moja niliyobisha milango, alisema, sijawahi kupigwa risasi wala kukaribishwa ndani.

Fundi pampu na mkewe ndio wenye nyumba. Wametukaribisha sote watano. Goti la Mzee limewekewa kitambaa cha maji baridi, uvimbe umeanza kushuka, sasa anaongea bila kituo. Ameomba kuona jikoni. Ameomba kuona ghala. Amewaambia kwamba milango ya watu anaijua maelfu, rangi zake, makufuli yake, mbwa wake, na siku zote alikuwa anajiuliza nyuma yake kuna nini. Sasa anataka kuona kila kitu. Tumezunguka nyumba nzima, yeye mbele mimi nyuma, tunauliza. Vitunguu vinaanikwa siku ngapi? Kwa nini vinasukwa? Unajuaje kilichooza katikati bila kukikata? Kumbe unakigonga kwa kucha na kusikiliza. Tuligonga kimoja kimoja, mimi na yeye. Mke wangu alitukuta tumeinamia kreti na akatoka tena.

Lastiki yenyewe, nimeichunguza, ni ya shehena mpya. Za zamani hazikuwa zinavutika kiasi hiki.

Ijumaa, 21 Machi

Mzee amekataa kuondoka mpaka aone pampu ikifunguliwa. Imefunguliwa. Tumeondoka saa nne, fundi pampu akampandisha Mzee kwenye mkokoteni wake wa mabomba mpaka nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alitupokea amenuna kwa sababu jana alitusubiri na chakula kikapoa. Alipojua mimi ndiye yule wa viti, akasema alifikiri ningekuwa mtu mwenye sura ya akili zaidi.

Viti ni vizuri sana. Mzee amekaa, ameshika mikono yote miwili ya kiti, amesema haendi popote leo.

Jumamosi, 22 Machi

Wala leo. Mwanyumba anahesabu kilomita tulizokosa, anazitaja wakati wa chai. Yuko peku. Mzee amejikongoja polepole hadi bomba la maji na kurudi, amepata marafiki watatu.

Mabinti hawasemeshani. Dada mtu amesema mbele ya wote kwamba kwake kuna lifti, na kwamba nyumba yenye mtu anayepima kwa lastiki si mahali pa kumweka mzazi. Mke wangu akainuka akaenda kuosha vyombo visivyo vyetu. Nilimfuata. Nikataka kusema samahani, nikasema kwamba sahani zile zimetengenezwa vizuri. Akajibu ndiyo, zimetengenezwa vizuri. Tulisimama pale muda mrefu tunazifuta. Nadhani nimemvunjia mke wangu kitu ambacho sina uzi wake.

Jumapili, 23 Machi

Siku nne zimeisha. Kati ya kilomita arobaini na nne tumetembea kumi na moja, moja kati ya hizo kwa kuchechemea na nne kwa mkokoteni.

Mzee alimwita mke wangu barazani peke yake. Nilikwenda kuangalia bawaba za mlango wa baraza, ambazo kwa bahati ziko karibu na mlango wa baraza. Nikasikia yote.

Alisema nyumba ya dada ni nzuri, ina lifti, ina kila kitu, na mkwe yule ni mtu wa kutegemewa hata akiwa peku. Pale yeye hatakuwa na kazi yoyote. Lakini usiku wa vitunguu, alisema, alilala akiwaza. Nimemtazama mumeo siku nne, alisema. Mtu huyu anauliza kila kitu, na hakuna jibu linalomwingia. Anaweza kuwasha moto ili aone moshi unaelekea wapi. Binti yangu, alisema, katika nyumba ile unahitaji mtu mzima wa pili. Nitakuja mimi.

Kisha mke wangu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama mkwe afariki, kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Nilishika bawaba nami macho yakaniwasha. Mlango ukafunguka, tukatazamana sote watatu.

Mzee akaniuliza kama bawaba ziko salama. Nikasema ziko salama. Akasema vizuri, mwanangu. Miaka tisa ananiita fundi.

Kwa hiyo kwa muhtasari: nilichagua njia, na baba mkwe anahamia kwetu. Mipango yangu imefaulu asilimia mia moja.

Jumanne, 25 Machi

Mzee amehamia leo. Pazia la kijani limependeza. Amebandika karatasi yangu ya kaki ukutani na kuuliza kilomita thelathini na tatu zilizobaki tutazimaliza lini. Nimemwambia siku moja inatosha, kwa kuwa sasa tuna uzoefu. Mke wangu amesema hilo litaongelewa na watu wengine.

Jambo moja tu dogo. Kitanda chake hakiingii mlangoni. Kimekwama kwa upana wa vidole vinane. Niliwaambia wasijisumbue kupima, fundi wa miaka ishirini anaona kwa macho. Nimeeleza kwamba mlango umevimba kwa mvua. Mzee akaniuliza mvua ipi. Sasa kitanda kiko nusu ndani nusu nje, mke wangu yuko upande wa ndani, na chakula anapitishiwa juu ya godoro. Anacheka, nashukuru.

Nimeazima msumeno na nyundo. Kesho asubuhi naupanua mlango, na nikiwa na vifaa mkononi nitaondoa na kipande cha ukuta, chumba kipate hewa. Mwanyumba alipita kuangalia, akaugonga ukuta kwa kidole, akauliza kama nina hakika si huo uliobeba paa.

Wivu tu.